Bango la Mama Sol-bi

Asubuhi ile Pyo Nan-hi aliingia sokoni na ndoo ya barafu kila mkono, akakuta jina lake linapepea hewani.

Lilikuwa kwenye bango la kitambaa cheupe, refu, lililofungwa kutoka nguzo moja ya lango la soko hadi nguzo ya pili. HONGERA PYO NAN-HI WA KIBANDA CHA NGISI, MKE WA DALALI MA DU-SIK, KWA KUCHAGULIWA KUINGIA CHUO KIKUU CHA TAEHWA, SEOUL. Herufi za buluu, kila moja kubwa kama sinia. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, waliotundika walikuwa wamejitaja: Umoja wa Wafanyabiashara wa Soko la Bandari.

Nan-hi aliweka ndoo chini. Alilisoma bango mara ya pili, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Akaupata. Neno "mtandaoni" halikuwemo.

"Unalia au unacheka?" Sauti ilitoka nyuma yake. Alikuwa dada Gwak, mwenye duka la keki za mchele, mikono imejaa unga hadi viwikoni. "Mwenyekiti Bok kapanda ngazi mwenyewe. Na goti lake lile! Nikamwambia, mwenyekiti, ukianguka tutaunganisha hongera na pole kwenye bango moja."

"Dada, ulimwambia nini?"

"Nimwambie nini? Ulichoniambia jana. Taehwa wamekuchukua."

"Nilikwambia wewe. Na nikakwambia sijaamua."

"We Mama Sol-bi nawe! Mtu akiitwa na Taehwa anaamua nini tena? Mtu huamua ale supu gani mchana." Dada Gwak alijipangusa mikono kwenye aproni. "Haya, nyamaza. Nimeamka kupika keki za maharage mekundu, nimezigawa kibanda kwa kibanda. Hata yule muuza viatu ambaye hatusemeshani nimempelekea."

Nan-hi aliinua macho. Kweli, kila mtu sokoni alikuwa anatafuna. Muuza kabichi alimpungia mkono huku shavu limejaa. Mtu akila keki yako ya furaha amekwisha kushuhudia furaha yako, na ushahidi uliokwisha mezwa haurudishwi sahanini.

Vyuo vilivyomwita vilikuwa viwili, na vyote vilikuwa vya kusomea nyumbani kwa kompyuta. Saa kumi na moja jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kuthibitisha nafasi, kwa chuo hiki na kwa kile. Chuo cha kwanza kilikuwa tawi la mtandaoni la Taehwa. Hakuna mtoto wa nchi ile asiyelijua jina la Taehwa. Wazazi hulitaja wakati wa kubembeleza na wakati wa kuchapa. Cha pili kiliitwa Saemgol, chuo cha mkoani kisicho na mama maarufu wa kukibeba mgongoni. Nan-hi alipolitaja jina hilo kwa mara ya kwanza nyumbani, binti yake Sol-bi aliuliza kama hicho ni chuo au ni maji ya chupa.

Lakini Nan-hi hakuwa anatafuta jina. Alikuwa anatafuta mdomo wa mumewe.

Ma Du-sik alikuwa dalali wa mnada wa ngisi pale bandarini kwa muda mrefu kuliko walivyodumu wengine wote. Mashua zikishusha masanduku, yeye ndiye aliyesimama juu ya kreti na kuimba bei, na ile sauti yake ilikuwa ikisikika hadi kwenye mnara wa taa. Alikuwa na kanuni moja. Kabla ya kufungua bei, alinyosha mkono wa kushoto mbele ya mwenye ngisi, kiganja chini, kisha akakipindua juu. Maana yake kila mtu aliijua: pindua. Inua tabaka la juu tuone la chini. Wenye ngisi walikuwa wakinung'unika, wengine wakimtukana, lakini wanunuzi walitoka miji ya mbali kwa sababu ya mkono ule. "Tabaka la juu," alizoea kusema, "hata mwizi hulipanga vizuri."

Kisha kiharusi kikampiga, akiwa juu ya kreti, katikati ya bei.

Mkono wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yakamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alielewa yote aliyoambiwa. Hakuweza kuomba hata kikombe cha maji. Wiki nzima hospitalini alitazama dari. Siku moja jamaa wa mashua akaja kumwona, na kwa kuwa ni mtu wa bandari, hakuleta matunda, alileta sanduku la ngisi. Du-sik aliona lile sanduku, na kutoka kifuani mwake ikatoka sauti ileile ya zamani, nzima, haina kovu: elfu thelathini, thelathini na moja, na moja na nusu, nani, nani! Wauguzi walikuja mbio. Nan-hi alikaa sakafuni akalia.

Aliyemweleza ni Mwalimu Eom, msichana mdogo wa miwani aliyekuwa mtaalamu pekee wa tiba ya usemi katika hospitali ya mji. "Maneno ya mazoea hukaa chumba kingine kichwani," alisema. "Chumba hicho hakijaungua. Tutapitia huko." Akaanza kumfundisha Du-sik kuimba neno moja kwa wimbo wa mnada. Neno lenyewe ni maji. Ilichukua majira mawili, lakini Du-sik aliliimba. Sasa Mwalimu Eom alikuwa anaondoka mwisho wa mwezi, mkataba wake umekwisha, na hospitali haikupata mtu mwingine. Nani atakubali kuja kwenye mji unaonuka ngisi hadi kanisani?

"Basi nitasoma mimi," Nan-hi alimwambia.

Mwalimu Eom hakucheka, ingawa alijua kuwa huyu ni mama aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu akapasue ngisi, na ambaye vyeti vya sekondari alivipata juzijuzi kwa kujisomea na kufanya mtihani pamoja na vijana waliofukuzwa shule. Alisema tu, "Miaka minne ni mingi, mama."

"Miaka minne ijayo mume wangu atakuwa bado ana mdomo."

"Haya. Basi usiniulize mimi chuo kipi. Wapigie wao. Waulize swali moja: ni lini nitakaa mbele ya mgonjwa? Bila hapo hufanyi mtihani wa leseni, na bila leseni hata mumeo hospitali haitakuruhusu umtibu."

Swali hilo Nan-hi alikuwa hajaliuliza. Alikuwa analiogopa. Saemgol ndiko alikoomba kwanza, kwa sababu walikuwa na idara ya tiba ya usemi. Taehwa aliomba kwa kusukumwa na Sol-bi. Huko kozi iliitwa Mawasiliano na Uponyaji, na jina lake lilikuwa tamu, na Nan-hi alikuwa anaomba moyoni kwamba utamu huo uwe na nyama ndani, ili apate vyote, jina na mdomo.

Sasa bango lilikuwa limekwisha kumjibia.

Alimkalisha Du-sik kwenye kigoda chake cha magurudumu mbele ya kibanda, akamfunika magoti, akaenda nyuma ya ghala la barafu na simu.

Simu ya Taehwa ilipiga muziki kwanza. Kisha ikaja sauti ya kijana, laini kama siagi. Alimpongeza. Alimtajia mawaziri na watangazaji waliosoma Taehwa. Alimwambia mama, umejiunga na familia.

"Asante, mwanangu. Nauliza, mwaka wa ngapi nitakaa mbele ya mgonjwa?"

"Mbele ya...?"

"Mgonjwa. Mtu asiyeweza kusema. Nimguse, nimfundishe, na mwalimu ananitazama."

"Mama, masomo yetu yote ni ya video. Unaweza kuyatazama popote, hata ukiwa kazini. Kuna wanaoyawasha huku wanapika."

"Na leseni?"

"Tunatoa cheti chetu cha mshauri wa mawasiliano."

"Leseni ya hospitali, nasema."

"Mama," ile sauti ikacheka kwa upole, "jina la Taehwa linajieleza lenyewe."

Chema chajiuza, Nan-hi aliwaza, kibaya chajitembeza. Lakini hakuifurahia methali hiyo. Akapiga Saemgol.

Simu iliita mpaka karibu ikatike. Akapokea mwanamume mwenye mafua.

"Mgonjwa? Mwaka wa tatu. Kila Jumamosi, hospitalini Wonju, mwaka mzima. Hukosi. Ukikosa unarudia. Una gari?"

"Sina."

"Kuna basi la alfajiri. Mama, una miaka mingapi?"

"Arobaini na sita."

Akapenga kamasi. "Nikwambie ukweli, ili usije kunilaumu. Nusu ya wanaoanza hawamalizi. Anatomia ya koo inawatoa machozi. Usithibitishe kama unatania. Kuna watu wanasubiri nafasi."

"Wanaomaliza wanapata leseni?"

"Wanaomaliza? Hao hawana shida. Hospitali zinatupigia kuwaomba. Ni jina tu hatuna." Akakata simu bila kuaga.

Nan-hi alibaki ameegemea ukuta wa baridi. Kama ingekuwa ni kuchagua tu, kazi ingekwisha hapo hapo. Lakini simu iliita tena mkononi, na aliyepiga alikuwa Sol-bi.

Sol-bi alifanya kazi ofisini Suwon, na alikuwa amechumbiwa na Jun-pyo, kijana ambaye wazazi wake wote ni walimu. Mwezi ujao familia mbili zilikuwa zikutane kwa chakula, wakae meza moja, waulizane habari za ukoo.

"Mama!" Alikuwa analia na kucheka. "Shangazi Gwak wa keki kanitumia picha ya bango. Nimemtumia mama mkwe."

"Umemtumia nani?"

"Mama yake Jun-pyo. Unajua kaniandikia nini? Kasema, kumbe msomi wa kweli yuko bandarini. Mama, unajua mara ya mwisho aliuliza nini? Aliuliza mama yako anafanya *nini hasa*. Ile hasa, mama. Nimeibeba mwezi mzima kama jiwe kwenye kiatu."

"Sol-bi, mwanangu, nisikilize. Taehwa hawana wagonjwa."

"Hawana nini?"

Akamweleza. Upande wa pili mashine ya kahawa ilinguruma.

"Basi soma huko kwenye maji ya chupa," Sol-bi alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Kimyakimya. Bango liache. Nani atakuja kukagua? Mpaka harusi ipite tu. Mama, sijawahi kukuomba kitu kikubwa."

Ilikuwa kweli. Hakuwahi.

Mchana dada Gwak alileta supu na shauri lile lile, kama waliambizana. "Mdogo wangu, akili kichwani. Soma unakotaka, bango libaki linakopepea. Jua litalila, mvua italila, watu watasahau ulisoma wapi, watakumbuka ulisoma. Unamdhulumu nani?"

Nan-hi alimlisha Du-sik kijiko kimoja kimoja. Alikuwa anamtazama jinsi macho yake yanavyokwenda langoni na kurudi, langoni na kurudi. Jina lake nalo lilikuwa kwenye bango lile. Mke wa dalali Ma Du-sik. Wanunuzi wa mbali wakipita walikuwa wanalisoma na kutikisa kichwa kwa heshima, na walikuwa wanaliamini kwa sababu jina la Du-sik halijawahi kukaa juu ya sanduku la uongo.

"Wewe unasemaje?" alimnong'oneza.

Du-sik alifungua mdomo. Ukatetemeka. Akaufunga.

Alasiri ikasonga. Wateja walikuwa wanakuja zaidi kupongeza kuliko kununua. Mzee mmoja alimletea mjukuu wake amguse mkono, apate bahati ya mtihani. Nan-hi alimpa mtoto mkono wenye wino wa ngisi na akajisikia mwizi. Kila mara alipotazama simu, jioni ilikuwa imesogea karibu. Kurasa mbili zilikuwa wazi kwenye kioo, kila moja na kitufe chake: Thibitisha. Thibitisha.

Saa kumi ilikuwa imepita vizuri pale Mwenyekiti Bok alipokuja. Alikuwa muuza samaki wakavu, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, na leo alikuwa amevaa koti la suti juu ya viatu vya mpira. Nyuma yake alikuja mpiga picha wa gazeti la wilaya.

"Shemeji!" aliita toka mbali. "Njoo, njoo chini ya bango. Na Du-sik umlete. Gazeti limekuja!"

"Mwenyekiti, nilitaka kwanza tuongee kidogo."

"Tutaongea umekwisha kutabasamu." Alimshika bega. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto. "Unajua lile soko la ng'ambo ya daraja? Mwaka jana binti wa muuza viazi kaingia udaktari. Wameweka bango, wakaliacha mpaka likafifia, na kila nikivuka daraja mwenyekiti wao ananiuliza, eti bwana Bok, kwenu mnatundika nini? Kwetu! Tumetundika nini sisi zaidi ya BARAFU IMESHUKA BEI? Leo nimevuka daraja asubuhi kwa miguu. Kwa goti hili. Makusudi."

Watu walikuwa wamekusanyika. Muuza kabichi, muuza viatu, wanunuzi wawili watatu wa ngisi, dada Gwak na ungo wa keki zilizobaki. Nan-hi alikisukuma kigoda chenye magurudumu cha mumewe hadi chini ya lango. Upepo wa bahari ulikuwa unalipiga bango pap, pap, juu ya vichwa vyao.

"Mama, kidevu juu," mpiga picha alisema. "Bwana, mtazame mkeo. Nitaandika: Mke wa dalali aenda Taehwa. Ni sahihi?"

Alitoa kalamu, akasubiri.

"Ni sahihi, mama? Naandika hivyo?"

Nan-hi alihisi kitu kikimgusa kiunoni. Aliinamisha macho. Mkono wa kushoto wa Du-sik ulikuwa umenyoshwa mbele yake, kiganja chini, kama ulivyokuwa ukinyoshwa mbele ya wenye ngisi. Ulikaa hivyo kidogo. Kisha ukapinduka juu.

Wanunuzi wa ngisi waliuona. Mmoja akaacha kutafuna.

"Si sahihi," Nan-hi alisema.

"Nini si sahihi?" Mwenyekiti Bok alikuwa bado anatabasamu.

"Taehwa walionichagua ni wa mtandaoni. Bango halisemi. Na huko kwenyewe sitakwenda. Ninakwenda Saemgol."

"Saem nini?"

"Saemgol. Cha mkoani. Wana hospitali ya kujifunzia, na ukimaliza unapata leseni. Taehwa unapata jina tu."

"*Jina tu?*" Uso wa mwenyekiti ulianza kuwa mwekundu kuanzia shingoni. "Shemeji, unanitania mbele ya gazeti?"

"Hapana, Mwenyekiti. Nilitaka tuongee kwanza."

"Watu wamekwisha kula keki! Unataka watapike?" Aligeuka huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Bango halishuki. Nasema halishuki! Kesho nikivuka daraja nitaficha wapi uso huu?"

"Alikwambia nani uwahi kuvuka?" muuza viatu alisema polepole.

"Wewe nyamaza, ulikula keki mbili!"

"Nililetewa. Sikujua ni keki ya chuo chenye jina la maji ya chupa."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimchoma Nan-hi kuliko hasira ya mwenyekiti. Dada Gwak alimvuta mkono akimnong'oneza, inatosha, sema ulikosea, sema unafikiria tena. Simu ilitetemeka mfukoni. Huenda ni Sol-bi, huenda ni kengele ya kumkumbusha saa. Nan-hi aliuchomoa mkono wake. Alikwenda kwenye duka la mwenyekiti, akaitoa ile ngazi iliyopandwa alfajiri, akaiegemeza nguzoni.

"Usiguse!" Mwenyekiti aliiwahi ngazi. "Hili ni bango la Umoja. Si lako."

"Jina ni langu."

Wakasimama hivyo, yeye na ngazi upande huu, mwenyekiti na ngazi upande ule. Mtu mzima wa miaka sitini na mpasua ngisi wanavutana ngazi mbele ya gazeti. Mpiga picha alikuwa ameshusha kamera, hajui atazame wapi.

Ndipo sauti ikatoka kigodani.

Ilianza chini, kama injini ya mashua inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Kisha ikashika. "Elfu mbili! Mbili, mbili na mia tano, nani! Elfu tatu, tatu, nani, nani!" Mkono wa kushoto wa Du-sik ulikuwa umeelekezwa juu, kwenye bango. Shingo imetoka mishipa. Hakuwa ameimba hadharani tangu siku ile alipoanguka.

Soko lote likamgeukia. Halafu mnunuzi mmoja wa ngisi, mtu ambaye vidole vyake vilikuwa vimezoea sauti ile kuliko vilivyomzoea yeye mwenyewe, alijikuta ameinua vidole vitatu.

"Tatu na mia tano!" Du-sik aliimba. "Nne! Nani!"

"Nne," alisema muuza kabichi. "Turubai langu limetoboka. Kitambaa kile kinafunika kabichi zote."

"Na mia tano!" akadakia muuza viatu. "Nataka kivuli."

"Wewe! Utauza viatu chini ya jina la Taehwa?"

"Nitaligeuza ndani nje."

Hapo hata dada Gwak alishindwa, akaziba mdomo kwa kiganja chake cha unga. Mwenyekiti Bok alikuwa anamtazama Du-sik. Walikuwa wameanza kazi bandarini mwaka mmoja, wawili hao, wakibeba masanduku. Alimtazama anavyotoa jasho kwa kila tarakimu, mdomo umepinda, hasiti, hakosei bei hata moja. Mkono wa mwenyekiti uliachia ngazi.

"Elfu tano," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mwisho. Nanunua mimi. Kama kuna mtu atalishusha, nitalishusha mimi, na kama kuna kabichi zitafunikwa, nitaamua mimi."

Du-sik alipiga kofi kwenye paja lake, pa! Limeuzwa.

"Lakini sikusamehe, shemeji," mwenyekiti alisema akiwa amekwisha kupanda daraja la pili la ngazi, goti linalia. "Mwaka mzima sivuki daraja."

"Najua, Mwenyekiti."

"Shika ngazi basi, nisife!"

Du-sik aliishika kwa mkono wake mmoja. Nan-hi naye aliishika kwa mkono mmoja, kwa wa pili akatoa simu. Dakika zilizobaki zilikuwa chache. Alifungua ukurasa wa Saemgol, akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Kidole kilikuwa kimelowa maji ya barafu na utelezi wa ngisi, na kioo kilimkataa kana kwamba hakimjui. Akajipangusa kwenye aproni. Aproni nayo ilikuwa imelowa. Akabonyeza. Ukurasa ukaruka juu, ukaruka chini, ukasimama.

Juu, fundo likaachia. Bango likaporomoka taratibu, likamfunika Nan-hi bega moja na Du-sik magoti. Lilikuwa kavu, limekaushwa na jua la kutwa. Nan-hi alishika pindo lake, akapangusa kidole kwa nguvu, kila upande, hadi ukuchani, akabonyeza.

Nafasi yako imethibitishwa.

Maandishi madogo ya kijivu, basi. Hakuna muziki. Hakuna aliyempigia makofi, watu walikuwa wanamsaidia mwenyekiti kushuka na kumlaumu kwa uzito wake.

Simu ikaanza kuita papo hapo, jina la Sol-bi likiwaka na kuzimika, likiwaka na kuzimika. Nan-hi alilitazama. Alijua itabidi atafute maneno ya kumwambia binti yake sasa hivi, akiwa amesimama.

Chini ya kitambaa cheupe, kwa wimbo uleule wa mnada, ila sasa umechoka, umekuwa mdogo, Du-sik aliimba neno lake moja la Mwalimu Eom. Maji.

"Subiri, mwanangu," Nan-hi aliiambia simu kabla hajaipokea, na akampa mumewe maji kwanza.